Wasomaji Wanauliza: Hivi wale watafiti wa vijiji vya Kanada walitokea wapi?

Toleo lililopita tuliweka mistari michache tu kuhusu watafiti wa Kanada wanaojulikana kwa kifupi kama CRRF, yaani Canadian Rural Revitalization Foundation, watu wanaohangaika na namna ya kufufua vijiji vinavyokufa. Basi meseji zikamiminika mpaka tukashangaa. Tumechagua tano. Zile ndefu tumezipunguza, na matusi tumeyatoa.

Mhariri shikamoo. Mi nasoma maendeleo ya jamii, lekchara wetu aliitaja hiyo CRRF akapita, nilipomuuliza ilianzaje akasema mkasome wenyewe. Nani walianzisha, lini, na kwa nini nchi tajiri kama Kanada iwe na shida ya vijiji? – Mwanafunzi, Makambako

Marahaba mwanangu. Tuanze na hilo la mwisho maana ndo linafungua mengine. Utajiri wa Kanada kwa sehemu kubwa unatoka shamba, msituni, baharini na migodini, ila watu wake wamehamia mjini siku nyingi sana. Sensa ya 1931 ilishaonyesha zaidi ya nusu ya wananchi wako mijini, na ya 2021 inasema waliobaki vijijini ni asilimia 17.8, kama watu milioni 6.6 hivi, kwenye nchi ya pili kwa ukubwa duniani, hebu fikiria.

Sasa kuhama watu ni jambo la polepole, watu huzoea. Kilichowashtua ni miaka ya themanini. Mwaka 1981 riba ya benki ilipanda ikapita asilimia 20, na wakulima wengi walikuwa wameshakopa kununua mashamba na matrekta wakati bei iko juu, alafu bei ya mazao ikashuka, wakabaki na deni na shamba lisilolipa hata riba. Huku vitawi vya reli vinafungwa, posta inaondoka, shule ya watoto kumi na kitu inaunganishwa na ya mji wa jirani, benki nayo inasema wateja hawatoshi. Na baada ya hapo mambo hayakupoa: 1989 mkataba wa biashara huria na Marekani ukaanza, tarehe 2 Julai 1992 serikali ikasimamisha uvuvi wa chewa wa Atlantiki kule Newfoundland na makumi ya maelfu ya watu wakakosa kazi kwa mpigo, na 1995 ikafutwa ile nauli nafuu ya kusafirisha ngano kwa reli ambayo wakulima walikuwa nayo tangu 1897. Yale maghala marefu ya mbao ya nafaka yaliyokuwa yanaonekana toka mbali kwenye kila kijiji cha Saskatchewan yakaanza kubomolewa moja baada ya jingine.

Katikati ya hayo ndo wakakutana hawa jamaa. Mwishoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na kikundi cha watafiti kilichojiita ARRG, yaani Agricultural and Rural Restructuring Group, na humo humo ikazaliwa CRRF, mwaka unaotajwa ni 1989. Majina ya kukumbuka kwa mtihani wako: Peter Apedaile, mchumi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Alberta, Tony Fuller wa Chuo Kikuu cha Guelph, Bill Reimer, mwanasosholojia wa Concordia pale Montreal, na Ray Bollman, huyu alikuwa ofisi ya takwimu ya taifa. Bollman mi ndo namuona muhimu kuliko anavyotajwa, kwa sababu kabla yake ukisema kijijini kila mtu ana kijiji chake kichwani, wengine wanahesabu wakulima tu, wengine kila mtu aliye nje ya mji. Yeye na wenzake walisimamia tafsiri moja ya kupimika: kijijini ni nje ya eneo ambalo watu wake wanaenda kazini kila siku kwenye mji wa watu 10,000 na kuendelea. Ukishakuwa na mstari kama huo unaweza kulinganisha mwaka hadi mwaka, na toka 1998 wakawa wanatoa vijarida vya takwimu za vijijini ambavyo hata mwenyekiti wa halmashauri ndogo aliweza kuvisoma akaelewa.

Na jambo moja usilisahau. CRRF haikuwa idara ya chuo wala haikuwa na jengo lenye geti na mlinzi. Ni shirika la hisani linaloendeshwa na watu wa kujitolea, maprofesa, watu wa serikali, na wanakijiji wenyewe.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nimesikia walichukua vijiji 32. Kwa nini 32 na si 30 ama 50? Na hizo pesa za kuzunguka nchi yote zilitoka kwa nani? – Mwalimu, Kitale

Mwalimu wangu, hapo umegusa penyewe. Huo ndo mradi wao mkubwa, waliuita New Rural Economy, ukaanza 1997 ukaisha 2008, kiongozi wake alikuwa Bill Reimer. Hela kubwa ilitoka kwenye baraza la taifa linalofadhili utafiti wa sayansi za jamii, pamoja na idara za serikali na vyuo.

Kuhusu 32, ni hesabu ya darasa la kawaida tu. Waliuliza maswali matano ambayo kila moja lina majibu mawili. Kijiji kinategemea soko la dunia au la ndani? Uchumi wake umetulia au leo juu kesho chini? Kiko karibu na mji mkubwa au mbali? Huduma na taasisi zake zina nguvu au hazina? Na mwisho, ukilinganisha na wenzake, kinaongoza au kimebaki nyuma? Sasa andika mbili tano uzizidishe, 2 × 2 × 2 × 2 × 2, unapata 32. Yaani kila mchanganyiko unaowezekana ukatafutiwa kijiji chake, toka British Columbia upande mmoja mpaka Newfoundland upande wa pili. Watafiti wa Japani nao wakajiunga na vijiji vyao kwa ajili ya kulinganisha.

Uzuri wa hesabu hii ni kwamba inakuzuia kuchagua vijiji unavyovipenda. Sisi mara nyingi mradi ukija unapelekwa kijiji kilekile kizuri cha barabarani, chenye mwenyekiti mchangamfu na choo cha mfano, alafu ripoti inasema wananchi wamehamasika. Kule hata kijiji kilichobaki nyuma, kiko mbali, huduma hazipo, kililazimika kuwemo kwa sababu kuna kisanduku chake kinasubiri kujazwa.

Nikupe kimoja, Springhill, jimbo la Nova Scotia. Huu ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na makaa yaliwalisha na kuwazika. 1891 mlipuko uliua watu 125. 1956 tena 39. Alafu tarehe 23 Oktoba 1958 mwamba ukajibana chini kwa kishindo, wanaume 174 wakiwa ndani, 75 wakafa, wengine wakatolewa hai baada ya siku sita, na kundi la mwisho baada ya siku nane, dunia nzima ikifuatilia kwenye televisheni. Baada ya hapo kampuni haikurudi tena kuchimba. Mji wenye kazi moja umepoteza kazi hiyo moja. Serikali ikajenga gereza pale 1967 likawa ndo mwajiri mkubwa, sio ndoto ya mtu lakini mshahara ni mshahara. Kilichonifurahisha mimi ni hiki: ile migodi ya zamani ikajaa maji, na maji ya chini kabisa yana joto la dunia, basi mwishoni mwa miaka ya themanini viwanda pale vikaanza kuyavuta kupasha majengo joto wakati wa baridi, gharama ikashuka. Shimo lililoua baba zao sasa linapasha moto karakana.

Ila mwalimu nisikudanganye kwamba ilikuwa ni hadithi ya kufufuka tu. 2015 Springhill iliacha kabisa kuwa mji wenye halmashauri yake, madeni na watu kupungua, ikaunganishwa na kaunti.

Ndugu mhariri acheni kutuchosha na Wazungu. Watafiti tunawajua, wanakuja na gari, wanajaza madodoso, wanagawa soda na posho ya kikao, wanaondoka na hatuwaoni tena. Hao wa Kanada wana tofauti gani? – Mkulima wa korosho, Masasi

Ndugu yangu, hasira yako naielewa na hapa ofisini kuna watu waliisoma meseji yako kwa sauti wakapiga makofi. Tofauti ipo, na kwa maoni yangu ndo kitu pekee kikubwa walichofanya, vingine vyote vinafuata: walirudi. Vijiji vilevile, miaka zaidi ya kumi. Mwaka 2001 walizunguka kwenye karibu kaya 2,000 kuhoji watu, alafu hawakwenda kufungia majibu chuoni, walirudi nayo kijijini wakayaweka mezani, wenyeji wakasema hapa mmekosea, hapa ni kweli, hapa hamjui stori yote.

Na mikutano yao mikubwa waliipeleka huko huko. Moja walifanyia Muenster, Saskatchewan, kijiji kidogo chenye monasteri ya Wabenedikto, we wa Masasi utaelewa, fikiria kongamano la taifa linafanyika pale monasteri ya Ndanda. Nyingine Twillingate, kisiwani Newfoundland, ambako watu huja kuangalia milima ya barafu ikielea baharini. Nyingine Inuvik, kaskazini kabisa, ndani ya mzingo wa Aktiki. Sasa wewe ni ofisa mkubwa wa wizara unatoka Ottawa kwenda sehemu kama hiyo, ndege ngapi, barabara ngapi, na ukifika unakaa meza moja na mama mwenye duka anayekuuliza posta yetu mmeifunga kwa nini. Huwezi kujificha nyuma ya pawapointi.

Lakini walijifunza nini, maana kurudi peke yake haitoshi. Reimer na wenzake walisema watu wa kijijini wanapata mambo yao kwa njia nne. Kuna soko, nakupa hela unanipa kitu. Kuna ofisi, yaani sheria, fomu na haki yako kama raia. Kuna vyama, kanisa, ushirika, timu, kikosi cha kujitolea cha zimamoto. Na kuna undugu na ujirani. Walipouliza familia zilizopatwa na mabadiliko makubwa, mtu kapoteza kazi, kaugua, kafiwa, wengi walikimbilia kwanza hii ya nne, ndugu na marafiki. Hapo utasema kwani hilo lilihitaji utafiti, bibi yangu angeniambia bure! Subiri. Jambo lenyewe ni kwamba njia hizi zina sheria zake na zinagongana. Ukimpa mpwa wako kazi, kwa upande wa undugu umefanya la maana, kwa upande wa ofisi hiyo ni rushwa, mtu yuleyule, tendo lilelile. Kijiji chenye undugu mkali kinaweza kushindwa kabisa kuandika maombi ya ruzuku kwa sababu lugha ya ofisi hakuna anayeijua, na kijiji chenye ofisi nzuri kinaweza kuwa na wazee wanaokufa kwa upweke. Uwezo wa mahali ni kuweza kutumia zote nne na kuhama toka moja kwenda nyingine bila kuvunja mahusiano. Mi nikifikiria vyama vya msingi vya korosho naona hilo kabisa, mizani ni mambo ya ofisi, anayepima ni shemeji yako.

Udhaifu wao pia tuseme. Mradi uliisha 2008 na hela ikaisha nayo. Na kujua hakukuilazimisha serikali kusikia: ile idara maalum ya vijijini ndani ya serikali kuu, ambayo ndo ilikuwa sikio lao, ilifungwa 2013. Kabla ya hapo kidogo, sensa ya 2011 ilikuja bila lile dodoso refu la lazima, wakaweka la hiari, watu wakajaza wanaotaka, na matokeo yake maeneo madogo zaidi ya 1,000 takwimu zake hazikutolewa kabisa kwa sababu waliojibu walikuwa wachache mno. Yaani kwenye data kijiji kimefutika na watu wanaishi humo! Lile la lazima lilirudi 2016. Watu wa takwimu za vijijini ukiwatajia 2011 mpaka leo wanakunja uso.

Habari za kazi. Huku kwetu Kilimanjaro tulikuwa na ushirika kabla hata ya uhuru. Hao CRRF ndio wa kwanza Kanada, au kulikuwa na wengine nyuma yao? – Mama wa SACCOS, Moshi

Salama mama, na una haki ya kujivuna, KNCU, ule ushirika wenu wa kahawa, ni ya 1933. Kanada nao miaka hiyohiyo walikuwa na moto wao, unaitwa vuguvugu la Antigonish, huko huko Nova Scotia. Mwanzilishi ni padri mmoja mdogo wa umbo na msumbufu sana, Jimmy Tompkins, aliyekuwa anasisitiza chuo kikuu kiende kwa watu badala ya kusubiri watu waje chuoni. 1921 akaandika kijitabu kuhusu hilo, mwaka uliofuata akagombana na askofu wake juu ya mambo ya kuunganisha vyuo, akapelekwa parokia ya wavuvi Canso, mbali na kila kitu. Ilikuwa kama adhabu. Ikawa ndo bahati ya wavuvi. Tarehe 1 Julai 1927 nchi nzima inasherehekea miaka 60 ya taifa, wavuvi wa Canso wakakaa kikao wakauliza sisi tunasherehekea nini hasa, samaki wetu wananunuliwa kwa senti. Makelele yakafika mbali, tume ya serikali ikaundwa kuchunguza uvuvi.

1928 Chuo Kikuu cha St. Francis Xavier kikafungua idara ya kufundisha vijijini, mkuu wake padri Moses Coady, binamu yake Tompkins. Mbinu yao ilikuwa rahisi: majirani wachache wanakutana jioni jikoni kwa mtu, wanasoma, wanajadili tatizo lao, alafu wanafanya kitu, duka la ushirika, kiwanda kidogo cha kusindika kambakoche, au chama cha akiba na mikopo. Sheria ya vyama vya akiba na mikopo Nova Scotia ilipita 1932. Coady alifariki 1959, na mwaka huohuo chuo kikafungua taasisi yenye jina lake kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, na humo mama wamepita watu wengi wa Afrika Mashariki, wa ushirika na wa maendeleo ya jamii, hata ukiuliza pale chuo cha ushirika Moshi, ambacho ni cha 1963, wazee watakuambia.

CRRF ni kizazi kingine. Wale wa Antigonish walikuwa wahamasishaji, wanajua jibu tayari, ushirika. Hawa wa 1989 walianza na swali. Mi binafsi nikilazimishwa kuchagua nani wa kumwita kijijini kwangu nitamwita padri Tompkins kwanza, alafu Reimer aje baadae kupima kama ilifanya kazi.

Bonjour mhariri. Mimi ni Mukongomani, niko Brooks, Alberta, natumika ku kiwanda ya nyama. Huku ni kamji kadogo lakini tuko watu wa kila inchi. Hao watafiti wanatuhesabu na sisi, ao vijiji ni ya wazungu tu? – Papa wa watoto wane, Brooks

Papa, asante kutusoma ukiwa huko kwenye baridi. Jibu ni ndiyo, japo walichelewa kidogo. Mwanzoni habari yao kubwa ilikuwa watu kuondoka. Nani anakuja halikuwa swali kubwa, mpaka viwanda vya nyama vilipoanza kujaza miji midogo wafanyakazi toka nje, na Brooks yenu ndo mfano kila mtu anautaja, wanauita mji wa salamu mia moja.

Walioshika hilo vizuri ni watu wa Brandon, Manitoba. Chuo Kikuu cha Brandon kina taasisi ya maendeleo ya vijijini toka 1989, mwaka uleule wa CRRF, na pale mjini kiwanda kikubwa cha nguruwe kilifunguliwa 1999, wafanyakazi wakaja toka Mexico, El Salvador, China, Ukraine na kwingine. Kwa hiyo watafiti hawakuhitaji kusafiri, walitoka ofisini wakakuta swali liko dukani linapanga foleni: familia ikifuata baada ya mwaka mmoja au miwili watoto watasoma lugha wapi, nyumba ziko wapi, daktari gani anaelewa. Manitoba pia ilianza mapema kuchagua wahamiaji wake yenyewe, toka 1998, na miji midogo ikanufaika.

Profesa Bill Ashton wa hapo Brandon ndo akaongoza mradi mwingine mkubwa uliokuja baada ya ule wa Reimer, unaitwa Rural Policy Learning Commons, ulianza 2014, ukawaunganisha watafiti na watunga sera wa Kanada na wa nchi nyingine, na uhamiaji ulikuwa mojawapo ya mambo yake. Serikali kuu nayo ikaja na mpango wa majaribio 2019, miji na maeneo 11 ya vijijini na kaskazini yakaruhusiwa kupendekeza wahamiaji wanaowahitaji wapewe ukazi wa kudumu. Brandon ilikuwemo, na kwenu Alberta Claresholm ilikuwemo. Brooks haikuwemo. Huo wa majaribio umeshafungwa na 2025 ukaja mwingine unaofanana nao, kwa hiyo kama una ndugu anayeulizia, asifuate maelezo ya zamani anayotumiwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na asimlipe mtu yeyote hela ya "kuwekwa kwenye listi".

Kuhusu kuhesabiwa, papa, dodoso la sensa likija mlangoni jaza, hata kama siku hiyo umetoka shifti ya usiku. Kwenye mji mdogo kaya ishirini zikikaa kimya namba zinayumba. Na ukitaka kusoma kazi ya CRRF yenyewe, wana ripoti za hali ya vijiji nchini, ikiwemo ya 2015 na ya 2021, unazipakua bure. Ya 2015 imegawanywa jimbo kwa jimbo, anzia sura ya Alberta.